Sanduku la Zana kwa Nchi ya Mawe na Chumvi

Chuma hakidumu Jambiani, Unguja. Kijiji kimeelekea mashariki, bahari iko wazi mbele yake, na kusi ikishika kuvuma katikati ya mwaka, chumvi huingia hadi kabatini. Panga likilala mchangani usiku mmoja, asubuhi lina madoa ya kutu. Kwa hiyo suala la namna ya kubebea zana za bustani, ambalo kwingine lingeonekana la mtu aliyekosa shughuli, huku lina uzito wake.

Zana zenyewe si haba. Ardhi ni maweni: udongo umejificha katika vishimo baina ya matumbawe ya kale, na jembe la mpini mrefu linalozama vizuri kwenye udongo mzito wa magharibi ya kisiwa, hapa linagonga jiwe. Mkulima huchokoa kwa muo, halafu anahitaji kijembe cha mkono, panga, mundu na kisu. Anayetunza bustani ya hoteli huongeza mkasi wa kupogolea. Bado tupa, kamba na mbegu za tungule. Vyote hivi hutiwa kwenye polo, au kwenye ndoo ya rangi iliyokwisha. Polo hutobolewa na mundu. Ndoo hutuamisha maji chini, na ncha zote zikakaa humo. Pakacha nalipenda, halina gharama na husukwa papo hapo, ila makuti hayashindani na makali.

Sanduku la mbao lisilo na kifuniko, lenye mpini juu na sakafu yenye mianya, linamaliza taabu hiyo. Muo ubaki begani kama kawaida.

Kwanza mti. Mwembe, ambao mafundi wa ngalawa wamekuwa wakiuchonga miaka nenda miaka rudi, ni laini kwa msumeno, lakini mchwa wanaupenda kupita kiasi. Mnazi mkongwe ni mgumu sana upande wa nje na hupasuka ukipigiliwa bila kutobolewa kwanza. Mvinje ni mzito, na ukikauka vibaya hujipinda. Mahali pake ni kwenye mpini. Chaguo langu ni mfenesi. Una rangi ya manjano inayoiva kadiri miaka inavyokwenda, hauliwi upesi na mchwa, na mafundi wa milango ya Mji Mkongwe wanaujua vizuri. Asiyeupata atafute mbao za makreti yanayotupwa nyuma ya mahoteli. Hazina uzuri, lakini hazimgharimu mtu.

Fundi atakuuliza vipimo kwa inchi, basi tumjibu kwa inchi. Ubao mmoja wa moja kwa nane, wenye futi nane, unatosha. Kata vipande viwili vya inchi 16 kwa ajili ya vichwa, na viwili vya inchi 24 kwa ajili ya mbavu. Vichwa vikate pembe za juu, viinuke kama ncha ya paa. Inchi mbili chini ya ncha hiyo toboa tundu kwa keekee, upana wa inchi moja na robo. Hapo utapita mpini wa mvinje, au mpini wa jembe uliovunjika, mrefu kiasi cha kutokeza kidogo kila upande, ufungwe kwa vigingi vya mti.

Mbavu hukaa nje ya vichwa. Sakafu ni papi ya mbili kwa mbili yenye futi nne, iliyopasuliwa katikati kwa urefu. Ukikata kila nusu vipande viwili unapata vipande vinne. Vitatu vipange chini ukiacha mwanya wa inchi moja baina yao. Mchanga utadondoka wenyewe na maji hayatapata pa kukaa. Kipande cha nne kitumie kugawa chumba, ili tupa isigongane na makali ya mkasi. Mafundi wengi watataka kuziba sakafu kwa plaiwudi ili sanduku lipendeze. Wakatalie.

Kwenye kuunganisha ndipo palipo na mjadala. Msumari wa kawaida huota kutu na kuoza pamoja na mbao inayouzunguka. Skrubu za shaba zinastahimili, kwa bei yake. Lakini watu wa mwambao huu waliwahi kusafiri baharini bila msumari hata mmoja: mbao za chombo chao, mtepe, zilishonwa kwa kamba ya nazi. Kielelezo chake kiliwekwa Beit al-Ajaib, jengo la Sultani Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Sisemi sanduku la bustani lishonwe lote, ingawa mwenye subira anaweza. Pembe nne tu zinatosha, kwingine ziwe skrubu: toboa matundu mawili mawili, pitisha kamba, kaza, kisha ziba kwa vijiti.

Na kamba haihitaji kutafutwa mbali. Pwani ya Jambiani ina mashimo ambamo wanawake huzika makumbi ya nazi chini ya mchanga na mawe, yakalowekwa na maji ya bahari kwa miezi kadhaa. Yakifukuliwa hupondwa kwa rungu, nyuzi zikaoshwa, zikaanikwa, zikasokotwa kamba ya usumba. Kamba iliyolelewa na maji ya chumvi haiogopi upepo wa chumvi. Zungushia pia kwenye mpini, mkono usiteleze ukiwa na jasho.

Kupaka, mafuta ya nazi yanatosha, kwa mbao na kwa chuma pia. Wenye majahazi hutumia sifa, mafuta ya papa, na ni dawa kweli. Ila ukilipaka sanduku sifa usiliweke karibu na wageni wa hoteli.

Wakulima wa mwani nao wana haki ya kudai lao. Kilimo hicho cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na wengi wanaokifanya ni wanawake, wanaoteremka bamvua likitoa maji wakiwa na vigingi, kamba, taitai na visu. Kwao ningepunguza vichwa hadi inchi 12 na kutumia mbao nyembamba zaidi, kwa kuwa mwendo ni mrefu hadi mashambani na kurudi kuna mzigo wa mwani uliolowa. Skrubu ziachwe kabisa. Sanduku lote lishonwe, na kamba ikilegea ibadilishwe siku za maji mafu, kazi ya shambani inapopungua.