Magugu ya Isongole na Soya ya Kulungu

Ukishika barabara ya Tukuyu kutoka Uyole, baridi inaanza kukuuma mapema. Isongole ndipo abiria wanapofunga madirisha ya gari na wauza viazi wanapopanga ndoo zao kando ya lami. Watalii wanapajua kwa njia ya kupandia Ziwa Ngozi. Wenyeji wanapajua kwa viazi mviringo, mahindi, maharage na palizi isiyokwisha. Mvua ya Rungwe haina likizo ndefu, na udongo wake wa majivu ya volkano haubagui: ulichopanda kinaota, usichopanda kinaota zaidi.

Kwa mtu aliyekulia kwenye jembe la namna hiyo, habari ya wawindaji wa Marekani inachekesha kidogo. Wapo huko wanaolima soya wasiyokusudia kuila wala kuiuza. Wanamlimia kulungu wa kwao, yule mwenye mkia mweupe (jina la kulungu tunamwazima tu; huyo hudondosha pembe kila mwaka zikaota nyingine, jambo ambalo mnyama wetu halijui). Anakuja kula majani na maganda, anazoea mahali, na msimu wa uwindaji ukifunguliwa mwenye shamba anajua pa kumngojea. Kwetu mambo ni kinyume. Pembezoni mwa msitu wa Mlima Rungwe watu wanashinda shambani wakifukuza walao mahindi, na hata kipunji, tumbili ambaye sayansi ilimtambua mwaka 2003 tu na kumtangaza 2005, ametajwa miongoni mwa wadokozi.

Lakini mwindaji yule na mkulima wa Isongole wana adui mmoja. Soya ikiwa changa haina ubavu wa kushindana na magugu. Silaha yake ni kivuli: majani ya mistari miwili yakikutana katikati, gugu la chini linakosa jua na kudhoofika. Sasa kwenye kashamba kadogo kulungu hangoji kivuli kifunge. Anakata vichwa vya miche, jua linapenya hadi chini, na magugu yanashukuru. Ndipo wawindaji wengi wakaiendea soya inayovumilia dawa ya magugu: unapulizia shamba zima, soya inabaki imesimama, vingine vyote vinakauka.

Inawezekanaje? Dawa yenyewe ni glaifoseti, ambayo John Franz wa kampuni ya Monsanto aligundua mwaka 1970 kwamba inaua mimea, ikaingia sokoni 1974 kwa jina la Roundup. Ndani ya mmea kuna kimeng'enya kimoja kinachosaidia kutengeneza asidi amino tatu ambazo bila hizo hakuna protini. Glaifoseti inakikamata kimeng'enya hicho. Fikiria genge lenye mpishi mmoja: mfungie mpishi nje ya jiko, na wafanyakazi wote wanalala njaa. Haibagui hindi, haragwe wala ndago, kwa sababu mimea yote inamtegemea mpishi huyo huyo.

Jibu lilitoka mahali pa ajabu, kwenye mabaki ya kiwanda chenyewe cha kutengenezea glaifoseti huko Louisiana. Humo aliishi bakteria aliyezoea sumu ile. Kimeng'enya chake kilifanya kazi ile ile, ila kwa umbo ambalo dawa haikuweza kulikamata. Wanasayansi wakaichukua jeni yake na kuiingiza kwenye soya, na mwaka 1996 mbegu hiyo ikaanza kuuzwa Marekani. Soya haikuwa na nguvu mpya mwilini mwake. Ilikuwa imepewa mpishi wa pili tu.

Kwa miaka michache ilionekana palizi imepatiwa tiba. Kisha likaja gugu ambalo msomaji wa huku angelitambua haraka, kwa maana ni jamaa ya mchicha. Amaranthus palmeri, mchicha pori mrefu kuliko mtu, ambao mmea mmoja wa kike unaweza kutoa mbegu laki kadhaa, ulionekana ukiishinda glaifoseti katika jimbo la Georgia mwaka 2005. Walipouchunguza wakakuta haukubadilisha umbo la kimeng'enya chake. Ulirudufu jeni yake, mmea mwingine ukiwa na nakala zaidi ya mia moja. Mpishi mmoja akifungiwa, wapo wengine mia jikoni. Sioni haja ya kuwasifu wanamaabara kupita kiasi mbele ya ujanja huo wa mboga ya majani.

Soya hiyo huwezi kuipanda Isongole. Tanzania hailimi zao lolote lililobadilishwa vinasaba. Majaribio ya mahindi ya namna hiyo yalianza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, na mwishoni mwa 2018 serikali ikaamuru yasitishwe na mabaki yaharibiwe. Kenya nayo ilipiga marufuku vyakula hivyo 2012, baraza la mawaziri likaiondoa marufuku Oktoba 2022, na tangu hapo ugomvi umehamia mahakamani.

Wengi wakisikia hayo hudhani kwamba zao linalovumilia dawa halijawahi kukanyaga Afrika Mashariki. Limekanyaga, tena bila jeni ya kuazima. Adui hapo alikuwa kiduha, gugu lenye maua ya kupendeza ambalo halinyang'anyani jua na mahindi bali linajipenyeza kwenye mizizi na kunyonya. Mbegu zake ni kama vumbi, hukaa udongoni miaka zaidi ya kumi, na ukiliona limetoka juu ya ardhi uharibifu umeshafanyika. Hapo jembe limechelewa. Teremka kutoka Tukuyu hadi Kyela na utalikuta kwenye mpunga wa nchi kavu.

Watafiti wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, na wenzao wa Kenya na Israeli walitumia mahindi yenye badiliko lililojitokeza ndani ya mahindi yenyewe, linaloyafanya yavumilie dawa iitwayo imazapiri. Badala ya kupulizia shamba, mbegu inapakwa dawa, kiasi cha gramu 30 hivi kwa hekta. Kiduha kinapoufuata mzizi mchanga kinakutana na sumu mlangoni. Mbegu hiyo ilizinduliwa Kisumu mwaka 2005 kwa jina la Ua Kayongo, kayongo likiwa ndilo jina la kiduha kwa Wajaluo, na huku Tanzania ikaitwa Komesha Kiduha. Kwangu huo ni ufundi bora kuliko ule wa soya, maana dawa ni kidogo na inakaa pale pale adui anapopita. Ila ina sharti ambalo halisameheki: ukishika mbegu hiyo, nawa mikono kabla ya kugusa mbegu za maharage, la sivyo maharage yako hayataota.

Nalisema hilo kwa uchungu. Niliwahi kuunguza matuta mawili ya maharage kwa bomba la mgongoni nililoliazima, lililokuwa limepulizia dawa ya magugu ya 2,4-D kwenye mahindi na kusuuzwa kwa haraka. Mahindi ni jamii ya nyasi, dawa hiyo yanaistahimili. Maharage, soya na viazi ni mimea ya majani mapana, nayo hujikunja kwa mabaki kidogo tu.

Anayetaka kujaribu soya Rungwe, zao ambalo kwa kweli limeshamiri zaidi Ruvuma, atapata aina za kawaida zilizozalishwa Uyole, kama Uyole Soya 1. Glaifoseti kwake ni ya kabla ya kupanda tu, magugu yakiwa mabichi. Soya ikishaota, dawa hiyo ni adui wake. Apande mistari karibu, nusu mita au pungufu, apalilie wiki ya pili au ya tatu, arudie ya tano au ya sita kabla ya maua, kisha kivuli kifanye kazi yake. Na bomba la kuazima alioshe mara tatu, hata kama mwenyewe ameapa kwamba ni safi.