Jaribio Linaposhindwa: Kosa ni la Programu au la Saa?

Programu za kompyuta zinazosambazwa bure, hasa zile zisizo na picha wala vitufe ambazo mtumiaji huziendesha kwa kuandika amri kwa herufi, aghalabu husafirishwa katika kifurushi. Pamoja na programu yenyewe, mtungaji huweka humo majaribio: amri fupi ambazo kompyuta hujipa yenyewe, kisha hulinganisha jibu lililopatikana na jibu lililotazamiwa. Majibu yakitofautiana, jaribio limeshindwa. Katika Debian, mfumo ulioanzishwa mwaka 1993, kushindwa huko kwa kawaida huzuia kifurushi kisiundwe mpaka kasoro irekebishwe.

Tuseme mwanafunzi wa Tegeta, wilayani Kinondoni, amepata programu ya aina hiyo, ya kupanga kumbukumbu kwa tarehe. Kwa mtungaji wake majaribio yote yalipita. Tegeta moja linashindwa: lilitazamia 1970-01-01 00:00, likapata 1970-01-01 03:00. Hakuna kilichoharibika. Kompyuta nyingi huhesabu wakati kwa sekunde tangu usiku wa manane wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya kimataifa, UTC. Na Dar es Salaam, iliyo mbele kwa muda wa saa 3, wakati huo ilikuwa tayari saa 9 usiku. Programu imesema kweli, bali jaribio ndilo lililodhani kwamba dunia nzima inaishi Greenwich.

Wapo watakaolifuta jaribio. Wengine wataiamuru kompyuta ijifanye iko Greenwich kila inapojaribiwa, jambo linalokubalika ikiwa kinachopimwa hakihusiani na saa. Tiba mbaya kupita zote, nayo si adimu, ni kuibadili programu yenyewe ili itoe jibu la UTC daima. Hapo jaribio litapita kila mahali, na programu itakuwa imeharibika.

Fikiri, msomaji, zahanati ya Mbagala, wilayani Temeke, ikiandikisha vizazi kwa programu iliyotibiwa hivyo. Mtoto atakayezaliwa saa 8 usiku wa tarehe 1 Januari ataandikwa amezaliwa tarehe 31 Desemba ya mwaka uliotangulia, kwa kuwa kwa UTC bado ni saa 5 usiku wa jana. Kosa hilo huonekana kati ya saa 6 na saa 9 usiku tu. Mchana, wakaguzi wanapofika, tarehe zote ni sahihi. Hapana budi, basi, jaribio lenyewe litaje ukanda wa saa: mara moja Dar es Salaam, mara moja UTC, na mara moja New York iliyo nyuma, kila mara likiwa na jibu lake.

Upo mkasa mwingine ulio mgumu zaidi. Kompyuta hujua tofauti za saa kutokana na orodha iliyoasisiwa na Arthur David Olson, ambayo tangu mwaka 2011 inahifadhiwa na taasisi ya IANA. Katika orodha hiyo Dar es Salaam siku hizi ni jina jingine tu la Nairobi, kwa sababu tangu 1970 saa za miji hiyo zimelingana. Zamani hazikulingana. Kumbukumbu za ziada za orodha hiyo zinaonyesha kwamba tangu 1948 hadi mwisho wa 1960 Dar es Salaam ilikuwa mbele ya UTC kwa saa 2 na dakika 45, hali Nairobi ilikuwa mbele kwa saa 3 kamili. Baadhi ya watayarishaji wa mifumo huziunga kumbukumbu hizo, wengine huziacha. Kwa hiyo jaribio linalotumia tarehe 7 Julai 1954, siku TANU ilipozaliwa, laweza kupita katika kompyuta moja na kushindwa katika nyingine kwa dakika 15, na hakuna mashine iliyokosea.

Wenye kompyuta ya Linux shuleni waandike amri hii:

TZ=Africa/Dar_es_Salaam date -d @0

Kisha waweke UTC, halafu America/New_York, mahali pa Africa/Dar_es_Salaam. New York itajibu kwamba bado ni 1969. Amri ya mwisho ni hii:

TZ=Africa/Dar_es_Salaam date -d 1954-07-07 +%z

Ikijibu +0245, kompyuta hiyo ina kumbukumbu za ziada. Ikijibu +0300, inasoma saa ya Nairobi.