Ligi ya klabu 18 haikuiokoa Thika

Wapenzi wa kandanda wa Thika na Ruiru wanapowalaumu marefa, aghalabu husahau hesabu. Ligi ya klabu 16 huwa na mechi 240 kwa msimu. Ya klabu 18, mechi 306. Mechi hizo 66 za ziada zahitaji waamuzi, nauli na marupurupu.

Mwaka wa 2015, Shirikisho la Soka la Kenya lilitaka klabu 18, nayo kampuni iliyosimamia Ligi Kuu ikashikilia 16. Mwaka wa 2017 ligi ikapanuliwa, na runinga ya SuperSport ikavunja mkataba wake. Fedha, kumbe, ndizo zilizotoweka kwanza! Nayo Thika United, ambayo huenda ingalitarajiwa kunufaika na upanuzi huo, iliteremshwa ngazi mwaka wa 2018.