Matairi ya Trekta Dogo: Jinsi ya Kuyachagua

Mtu akisimama kando ya barabara itokayo Moshi kwenda Himo wakati masika yanapokaribia, ataona matrekta madogo yakipita, mengine yamefungwa plau, mengine yanavuta tela lenye mifuko ya mbegu na watu wameketi juu ya mifuko (jambo la hatari, lakini si habari yetu ya leo). Matrekta hayo yana nguvu za farasi 20 mpaka 40 hivi, na baadhi yake yalikwisha kufanya kazi miaka mingi katika mashamba ya Japani kabla ya kuletwa kwetu. Mnunuzi huuliza bei, huwasha injini akaisikiliza, hutazama rangi. Ni wachache wanaoinama kutazama matairi. Twapenda kuwaeleza wazee wa vijiji, walimu na wakulima kwa nini yafaa kuinama.

Nguvu yote ya injini hupita mahali padogo sana, yaani pale tairi linapogusa udongo. Tairi likiteleza hapo, mafuta yameungua bure na shamba halikulimwa. Zamani matrekta yalikwenda juu ya magurudumu ya chuma yenye meno. Yaliuma udongo vizuri, lakini yaliharibu barabara na kumtikisa dereva mpaka mifupa ikamwuma. Mwaka 1932 kampuni ya Allis-Chalmers ya Marekani ilianza kuuza matrekta yenye matairi ya upepo yaliyofanyizwa na Firestone, na wakulima wakaona kwamba kazi ile ile yafanyika upesi zaidi na kwa mafuta machache zaidi.

Ubavuni mwa tairi la trekta huandikwa herufi R pamoja na namba. R-1 ni tairi la shamba la kawaida. Meno yake yamelala mshazari mfano wa mbavu za samaki, na nafasi kati yake ni pana ili matope yapate kuanguka. R-1W ni ndugu yake, lakini meno yake ni marefu zaidi kwa sehemu moja katika tano au katika nne, kwa ajili ya udongo wenye maji. R-2 ni la mpunga na miwa, na meno yake yakaribia mara mbili ya urefu wa meno ya R-1. R-3 ni la nyasi za bustani na viwanja vya michezo, wala halimfai mkulima. R-4 ni la kazi za ujenzi. Meno yake ni mapana na mbavu zake ngumu, hustahimili mawe na mizigo, lakini katika matope hujaa upesi likawa kama mpira laini.

Sasa natutazame nchi yetu. Huko chini, katika majaruba ya Mabogini, Chekereni na Oria, ambako mradi wa umwagiliaji ulijengwa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani, trekta huingia majini na katika tope zito. Hapo R-2 ndilo lenye kazi, maana meno marefu hupita katika tope mpaka kufikia udongo mgumu ulio chini yake. Katika udongo mweusi wa tambarare, ule unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata kama gundi wakati wa mvua, R-1 au R-1W yafaa. Katika mashamba ya mahindi na maharage yaliyo mtelemkoni, chini ya vihamba, R-1 ndilo la kuchagua. Ama katika vihamba vyenyewe, kati ya migomba na mikahawa na mifereji ya maji, trekta halina nafasi ya kugeuka, na jembe la mkono lingali na enzi yake.

Shida huanzia hapa. Trekta lililotoka katika mashamba ya mpunga ya Japani mara nyingi huja na meno yale marefu ya mpunga. Machoni hupendeza, maana mtu huyaona akadhani ndiyo yenye nguvu kupita yote. Mwandishi wa habari hii alikijua kikundi kimoja cha wakulima wa mlimani kilichonunua trekta la namna hiyo. Kila siku lilishuka kwa njia ya mawe na lami kwenda kulima tambarare, na jioni likapanda na tela la mahindi. Barabara ngumu hula meno marefu kama tupa ilavyo chuma, na kabla ya msimu wa pili kwisha matairi ya nyuma yalikuwa karibu kuwa kipara. Fundi aliwauzia mawili mengine, makubwa kidogo, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo. Ya mbele wakayaacha. Baada ya majuma machache giaboksi ya mbele ilianza kulia, kisha ikavunjika, na gharama yake ilipita bei ya matairi yote manne.

Sababu yake yafaa ieleweke vizuri. Trekta linalovuta kwa magurudumu manne limefungwa kwa gia, na gia hizo zimehesabiwa ili magurudumu ya mbele yatangulie kidogo kuliko ya nyuma, kiasi cha 1 mpaka 5 katika 100. Ukibadili kimo cha tairi la nyuma peke yake, hesabu hiyo huharibika, na magurudumu ya mbele na ya nyuma hushindana. Jambo hili mwalimu aweza kulipima pamoja na wanafunzi wake. Chora alama ya chaki juu ya tairi moja la mbele na moja la nyuma. Endesha polepole, mvuto wa mbele ukiwa umefunguliwa, mpaka gurudumu la nyuma lizunguke mara 10, na uhesabu mizunguko ya lile la mbele. Tuseme ni 16. Kisha funga mvuto wa mbele, endesha tena juu ya udongo laini, uhesabu vile vile. Ukipata 16 na nusu, mbele yatangulia kwa 3 katika 100, nayo ni sawa. Ukipata chini ya 16, au zaidi sana ya 16 na nusu, matairi hayo hayapatani.

Namba za ukubwa husomwa hivi: 12.4-24 maana yake upana wa inchi 12.4, na ringi ya inchi 24. Usikubali neno la muuzaji kwamba yakaribiana.

Upepo nao una hesabu yake. Udongo ulio juu hubanwa kwa nguvu ikaribiayo ile ya upepo uliomo ndani ya tairi. Kwa hiyo tairi lililojazwa mno hukandamiza shamba, na mizizi ya mahindi haipiti. Shambani tumia upepo mdogo kwa kadiri mtengenezaji alivyoruhusu kwa uzito ule, na barabarani, tela likiwa na mzigo, uongeze. Kipimo cha upepo ni chombo kidogo, na kikundi chenye trekta kisikose kuwa nacho. Kupiga tairi teke hakuonyeshi kitu.

Katika mitelemko yetu liko jambo lihusulo uhai wa dereva. Trekta dogo ni jembamba na refu, na hupinduka upesi. Matairi ya nyuma yaweza kutiwa maji mpaka sehemu tatu katika nne: geuza valvu iwe juu, ujaze mpaka usawa wake. Tairi la 12.4-24 hupokea lita 150 hivi, yaani kilo 150 kila upande, na uzito huo wote hukaa chini. Kwetu mashambani maji hayagandi, basi maji matupu yatosha, bora yawe ndani ya mpira wa ndani ili ringi isile kutu. Tena, katika matrekta mengi magurudumu ya nyuma yaweza kugeuzwa ndani nje ili yaachane zaidi. Fanya hivyo kabla ya kulima mtelemkoni, wala usiling'oe lile pao la chuma lililo nyuma ya kiti.

Tangu kiwanda cha General Tyre cha Arusha kiliposimama mwishoni mwa miaka ya 2000, matairi hutoka ng'ambo, na mengi yauzwayo yamekwisha kutumika. Tafuta ubavuni namba nne zilizo pamoja: 1808 maana yake juma la 18 la mwaka 2008. Pinda mpira kati ya meno kwa kidole gumba. Ukiona nyufa, liache hata kama meno yangali marefu. Na siku ya kuyafunga, simama nyuma ya trekta utazame: ncha ya meno ielekee juu, mfano wa paa la nyumba. Ikielekea chini, fundi ameyafunga kinyume, nayo yatakusanya matope badala ya kuyatupa.