Mlio wa "Pa!" Unatoka Wapi? Utangulizi kwa Anayejifunza Kulisikiliza Gari

Elimu ya kulisikiliza gari huanza na masikio yako mwenyewe. Anayeendesha gari hapa mjini Gisenyi, Rwanda, amepata darasa zuri: lami inayoshuka kutoka Nyabihu ina miteremko mirefu na kona kali, mitaa mingi ya ndani ina mawe ya volkano, na akivuka mpaka kwenda Goma atapita juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo, ikiwemo ile iliyoingia mjini Januari 2002. Gari likizoea njia hizi, ipo siku litaanza kutoa milio. Usiogope, na usikimbilie kununua vipuri.

Msingi wa elimu hii ni mmoja: kila mlio hufuata mwendo wa kitu fulani. Kitu hicho ni injini, gurudumu au barabara. Gari likiwa limesimama, bila gia, kanyaga mafuta kidogo. Mlio ukiharakisha pamoja na injini, ni wa injini. Ukinyamaza, endesha polepole mahali tambarare. Ukija kwa mpigo ulio sawa na kuongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, ni wa gurudumu. Ukisikika tu unapopita tuta au unapozungusha usukani, utafute kwenye saspensheni, yaani shokapu, springi na viungo vyote vinavyolishika gurudumu.

Tuanze na gurudumu, kwa sababu linahesabika. Mzingo wa tairi la gari dogo ni karibu mita 2, kwa hiyo katika mwendo wa kilomita 7 kwa saa linazunguka takriban mara moja kila sekunde. Ukisikia "tak" moja kwa kila mzunguko, hata gari likienda moja kwa moja, shuka ukague mifereji ya tairi: huku kwetu mara nyingi ni jiwe lililonasa. Kisha kaza nati za gurudumu, hasa kama tairi limebadilishwa karibuni. Wanaoanza huliruka hili kwa kuliona dogo mno, na mimi nalisisitiza kwa sababu nati zilizolegea zinaweza kuling'oa gurudumu.

Lakini milio ikiwa mingi katika mzunguko mmoja, tak-tak-tak-tak, na ikija unapokata kona tu, mshukiwa ni sivi jointi. Hiki ni kiungo kilicho mwisho wa draivushafti, ule mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye gurudumu la mbele. Kazi yake ni ngumu: lazima kilisukume gurudumu huku gurudumu lenyewe limegeukia pembeni. Ndani yake mna gololi za chuma, kwa kawaida 6, zinazoteleza katika mifereji iliyochongwa kwa ustadi. Umbo hilo lilibuniwa katika miaka ya 1920 na Alfred Rzeppa, mhandisi wa Ford, na bado ndilo tunalolitumia. Gololi hizo zinaishi kwa grisi, na grisi inalindwa na raba yenye mikunjo. Jiwe kali likiichana raba, grisi inamwagika, vumbi na maji vinaingia, mifereji inalika, na gololi zinaanza kuruka badala ya kuteleza.

Jaribio lake ni rahisi. Tafuta uwanja ulio wazi, kata usukani wote kushoto, uzunguke polepole huku ukikanyaga mafuta kidogo. Kisha rudia kulia. Kwa kawaida gurudumu la upande wa nje ndilo linalolalamika zaidi, kwa hiyo mlio ukizidi unapokata kushoto, anza na jointi ya kulia. Inama pia uangalie upande wa ndani wa rimu: grisi nyeusi iliyorushwa pale ni ushahidi wa raba iliyochanika. Ukiiona kabla ya mlio kuanza, huenda kusafisha, kutia grisi mpya na kufunga raba mpya kukatosha. Mlio ukishaanza, grisi haiponyi chuma kilicholika, jointi hubadilishwa.

Hapa utachanganyikiwa, na ni kawaida. Chuma husafirisha sauti, na ukiwa kwenye kiti unaweza kuapa mlio uko kushoto kumbe uko kulia. Mwombe mwenzako asimame nje. Gari likiwa limesimama, zungusha usukani: "pa" moja nzito kutoka juu ya shokapu huonyesha springi inayokwama na kujifyatua, kwa sababu maunti, kile kikalio chake cha juu, imechakaa. Ikitoka chini, karibu na gurudumu, shuku boljointi, kiungo cha kichwa cha mviringo ndani ya kikombe, kama bega la mtu. Boljointi ikilegea, gari lisiendeshwe hadi itengenezwe. Wala usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake; weka stendi.

Injini ni ngumu zaidi. Mpasuko katika ekzosi, yaani bomba la moshi, maana yake ni petroli iliyotoka bila kuungua, ikawakia njiani. Ukiondoa mguu kwenye mafuta kwenye mteremko, ekzosi yenye tundu huvuta hewa na kuipa petroli hiyo nafasi ya kuwaka. Gari la zamani la kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) nalo, likiwa limerekebishwa Mombasa kwenye usawa wa bahari, hapa kando ya Ziwa Kivu, mita 1,460 hivi juu ya bahari, litapata petroli nyingi kuliko hewa yake nyepesi.

Chanzo kingine ni misi, yaani silinda kukosa kuwaka zamu yake. Kama kila silinda ina koili yake ya kuwashia, na misi iko kwenye silinda ya 2, hamisha koili hiyo uipeleke kwenye ya 3. Misi ikihama nayo, umempata mkosaji. Ikibaki palepale, angalia plagi, kisha injekta, na mwisho upime mgandamizo wa silinda yenyewe.