JIBINI CHANGA: NDIMU PEKE YAKE HAITOSHI

Mfugaji wa Likoni, Kisauni au Changamwe aliye na maziwa ya ziada ajua vema kwamba joto la pwani halimngoji mtu. Njia mojawapo ya kuyatumia ni kuyageuza jibini changa, ile ambayo Wahindi huiita paniri. Kazi hii haitaki mashine. Yatosha moto, ndimu na kitambaa safi. Lakini liko wazo moja la hatari, nalo ni kudhani kwamba ukali wa ndimu huua kila kijidudu kilichomo katika maziwa.

Wataalamu hupima uchachu kwa hesabu iitwayo pH. Kadiri hesabu inavyopungua ndivyo uchachu unavyozidi. Maziwa mabichi ni karibu 6.7, mtindi karibu 4.5, na maji ya ndimu ni zaidi kidogo ya 2. Asidi huingia ndani ya kijidudu, nacho hutumia nguvu zake kuitoa hata kisiweze kuzaana. Ndiyo sababu achari hukaa siku nyingi bila kuoza. Lakini jibini ya ndimu hubaki katika 5 na nusu hivi, maana ukizidisha ndimu hailiki. Uchachu huo wakata maziwa, bali hautoshi kuzuia vijidudu vyote. Kimoja, kiitwacho listeria, huweza kuzaana mpaka uchachu ufike karibu 4.4, tena huzaana hata ndani ya jokofu.

Huko Los Angeles, Marekani, mwaka 1985, jibini changa yenye kijidudu hicho ilileta msiba mkubwa. Walihesabiwa wagonjwa 142 na vifo 48. Katika vifo hivyo, 30 vilikuwa vya watoto wachanga na wale waliokuwa bado tumboni. Wachunguzi walishuku kwamba maziwa mabichi yalikuwa yamechanganywa na yale yaliyopashwa moto. Maziwa mabichi huweza pia kuleta kifua kikuu na homa ya brusela.

Basi na ikumbukwe: moto huua, asidi hulinda. Mambo ya kufuata ni haya:

Kwanza, maziwa yapikwe upesi baada ya kukamuliwa. Yakikaa katika joto, vijidudu vingine hutoa sumu isiyoharibika kwa kuchemshwa wala kwa ndimu.

Pili, yachemke barabara, nawe ukikoroga ili yasishike chini.

Tatu, epua sufuria, kisha kwa kila lita moja tia vijiko vikubwa viwili vya maji ya ndimu yaliyochujwa, au siki kiasi hicho. Tia kidogo kidogo, mpaka maziwa yakatike na maji yake yajitenge, yakiwa ya manjano na si meupe tena.

Nne, jihadhari na vijidudu vinavyoingia baada ya moto, kwani hapo ndipo wengi husahau. Kitambaa cha kuchujia kichemshwe kwanza, mikono ioshwe kwa sabuni, na jibini isisuuzwe kwa maji ya kisima yasiyochemshwa. Ukiisha kuichuja, tia chumvi na uigandamize kwa kitu kizito kilicho safi.

Tano, asiye na jokofu aile siku ileile. Mwenye jokofu asiiweke zaidi ya siku chache. Wajawazito, wazee na watoto wadogo wapewe ile iliyopikwa tena katika mchuzi.

Anayetaka kuuza jibini aende kwanza kuuliza Bodi ya Maziwa ya Kenya, iliyoundwa mwaka 1958, ambayo ndiyo hutoa leseni za biashara ya maziwa.

Wazee walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Moto, ndimu na usafi vikishikana, mlaji atakuwa salama. Kikikosekana kimoja, vile viwili vilivyobaki haviwezi kujaza pengo lake.