Nani alijenga Pwani?

Ukipita Fort Jesus hapo Mji wa Kale, usidhani magofu hayana siasa. James Kirkman, aliyechimba ngome hiyo na Gede, mwaka 1954 alitoa kitabu kilichoiita Gede mji wa Waarabu. Kufikia 1963 wafuasi wa Mwambao walikuwa wakidai ukanda wa maili kumi usiunganishwe na Kenya. Hapo kuuliza "nani alijenga?" ni kama kuuliza "nani mwenyeji?"

Miaka ya 1980, kule Shanga, Lamu, wachimbaji walikuta chini ya kuta za mawe nyumba za miti na udongo, na vyungu vya kienyeji. Kumbe mji ulianzishwa na wenyeji, biashara ya ng'ambo ikaukuza.

Basi mwanasiasa akikwambia jirani yako ni mgeni, muulize: umechimba wapi, ukakuta nini?